Kusubiri Barua ya Kupunguzwa Kazi Kunaumiza Mwili

Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, Bomet na Nandi, habari kwamba mashine zaidi za kuchuma zinaletwa huwafikia wachumaji kabla ya tangazo lolote rasmi. Dereva wa trekta amesikia, foleni ya mizani imesikia, na ikifika jioni hakuna mlango wa nyumba za kampuni ambao habari haijabisha. Kesho yake watu wanachuma kama kawaida, majani mawili na chipukizi, ila hakuna ajuaye kama jina lake litakuwa kwenye orodha ya watakaopunguzwa mwezi ujao. Hali hiyo yaweza kuendelea kwa miezi, hata miaka. Sisi tunaoshughulikia afya ya wafanyakazi tunaihesabu kuwa hatari ya kazini, sawa na kelele za injini na dawa za kupulizia, na ndivyo inavyopaswa kueleweka na meneja, msimamizi na mchumaji mwenyewe.

Ushahidi haujaanza leo. Kuanzia 1985 watafiti jijini London walifuatilia afya ya watumishi wa serikali zaidi ya 10,000. Kazi ikiwa inaendelea, idara moja ikapangiwa kubinafsishwa, na ajira za waliokuwemo zikawa mashakani. Jane Ferrie na wenzake wakalinganisha watumishi hao na wale wa idara nyingine, na matokeo yao yaliyochapishwa 1995 yalionyesha kwamba wanaume wa idara ile walianza kueleza afya iliyozorota wakiwa bado kazini, mshahara ukiingia kama zamani. Hakuna aliyekuwa amefukuzwa. Kilichoondoka ni uhakika wa kesho.

Mwaka 2013, uchambuzi mwingine uliunganisha takwimu za watu zaidi ya 170,000 kutoka tafiti 13. Walioishi na hofu ya kupoteza kazi walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenzao. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na hali ya maisha na mambo kama sigara, lakini hata hayo yalipozingatiwa, ongezeko la asilimia 19 hivi lilibaki. Kwa mtu mmoja hilo si ongezeko la kutisha. Kwa eneo zima lenye maelfu ya wafanyakazi walio katika hofu hiyohiyo, ni wagonjwa wengi.

Aliyepigwa kalamu ameumia, lakini anajua amesimama wapi. Ataenda kwao, atatafuta kibarua kwingine, atauza mboga. Anayesubiri hawezi kuamua lolote. Je, amlipie mtoto karo ya muhula mzima? Achukue mkopo wa chama? Alime kipande cha nyumbani au aendelee kutegemea kilo za majani? Mwili wake unabaki katika hali ya tahadhari, moyo ukienda mbio, misuli ikikaza, usingizi ukikatika saa nane za usiku. Tahadhari ya siku mbili tatu haina madhara. Ikikaa miezi, inapandisha presha, inasumbua tumbo na kudhoofisha kinga ya mwili.

Kericho jambo hili lina uzito wa pekee. Mchumaji wa shamba kubwa mara nyingi anaishi katika nyumba ya kampuni, na huenda watoto wake wanasoma shule ya shambani na familia nzima inatibiwa kwenye zahanati ya shambani. Unga ukimwagika, vyote hivyo vinaondoka kwa pamoja. Mashine nayo si tetesi tena. Ile ya kushikwa na watu wawili, kila mmoja upande wake wa mstari wa michai, injini ikinguruma na mfuko mrefu ukijaa nyuma yao, hufanya kazi ya makumi ya wachumaji wa mkono. Mwaka 2023 mjumbe wa kikosi kazi cha kaunti alikadiria kwamba Kericho pekee imepoteza ajira 30,000 kwa mashine katika muda wa miaka kumi. Mei mwaka huohuo waandamanaji walichoma mashine, watu wakajeruhiwa na maisha yakapotea. Kuchoma mali na kumwaga damu hakukubaliki. Lakini hofu iliyoachwa ikue bila majibu ina mahali inapoishia, na atakayeizungumzia Mei ile kama uhalifu mtupu ameacha nusu ya habari.

Wanaobaki kazini nao wana mzigo wao, na huu ndio husahaulika zaidi. Aliyechaguliwa kushika mashine anaonekana mwenye bahati, na majirani waliopunguzwa wanaweza kumtazama kwa jicho baya. Siku nzima mikono yake inatetemeshwa na injini, masikio yanapigwa na kelele, moshi unampata usoni. Mwendo anaupangiwa na mashine. Akianza kuhisi ganzi vidoleni, au vidole vikipoteza rangi asubuhi za baridi, hiyo ni dalili ya madhara ya mtetemo. Inafaa iripotiwe mapema, kwa sababu madhara hayo yakikomaa ni vigumu kuyaponya. Tatizo ni kwamba mwenye hofu ya kupunguzwa huficha maumivu. Haombi mapumziko, haombi vizibo vya masikio, haandikishi jeraha. Meneja anayeona daftari la ajali likiwa tupu wakati wa mapunguzo asifurahi haraka.

Nyumbani, dalili huonekana kwanza kwa mwenzi. Mtu mpole anakuwa mkali kwa watoto. Anakunywa zaidi, au analala mapema lakini haamki amepumzika. Kichwa na mgongo vinauma bila sababu inayoonekana, chakula hakipiti. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, nenda zahanati ukapimwe presha, na mweleze mhudumu kinachoendelea kazini. Wengi huondoka na vidonge vya maumivu kwa sababu hawakulitaja hilo.

Kwa waajiri, dawa ya kwanza haina gharama: semeni. Waambieni watu mnachokijua, mambo ambayo bado hayajaamuliwa, na tarehe ya kuwaarifu zaidi. Kisha siku hiyo ifike na mzungumze, hata kama hakuna jipya. Habari mbaya iliyosemwa waziwazi huwapa watu nafasi ya kujipanga. Ukimya unaoitwa busara ya uongozi hauwapi chochote, na kwa maoni yangu ni uzembe wa usalama kama kumpa mtu mashine isiyo na kinga.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo haimwachi mfanyakazi mikono mitupu. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe taarifa kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa mapunguzo. Asiye mwanachama aarifiwe mwenyewe kwa maandishi. Uteuzi wa wanaoondoka uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Likizo ambayo hujaichukua hulipwa kwa fedha, na juu yake kuna kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Vibarua pia wasijitoe hesabuni. Kifungu cha 37 kinaeleza kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi huweza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi.

Barua ikifika, usitie saini hati ya kukubali malipo siku hiyohiyo. Ipeleke kwa mwakilishi wa chama au ofisi ya leba, ukiwa na hati za mshahara na kumbukumbu ya mwaka ulioanza kazi, mhesabu pamoja. Na kama kabla ya barua au baada yake mawazo yamekuzidi, hasa yakiwa ya kujidhuru, Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya bure ya msaada wa kisaikolojia, 1199. Unaweza pia kupiga kwa ajili ya mwenzako unayemwona anadidimia.