Kilti itakufa ughaibuni? Yanayosemwa na ukweli wake

Kilti ni vazi la kiume la Kiskoti, mfano wa sketi ya marinda, linaloshonwa kwa tartani, yaani kitambaa chenye mistari ya rangi inayokatizana. Haya ndiyo wanayoambiwa wavaaji walio nje ya Uskoti.

"Bila ukoo wa Kiskoti huruhusiwi kuvaa tartani." Hakuna sheria ya namna hiyo, ni adabu tu, na kwa adabu hiyo tartani ya Balmoral huachiwa familia ya kifalme. Asiyejua ukoo wake huvaa Black Watch, tartani ya kikosi cha jeshi iliyo wazi kwa wote, au tartani ya nchi anayoishi. Kanada wanayo Maple Leaf, iliyobuniwa 1964 na kufanywa nembo rasmi ya taifa mwaka 2011.

"Kila ukoo ulikuwa na tartani yake tangu kale, kwa hiyo mpya ni bandia." Wapo wanaokasirika wakiambiwa, lakini mpangilio wa koo kwa sehemu kubwa ni wa karne ya 19. Mavazi haya yalipigwa marufuku 1746, yakaruhusiwa tena 1782. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, watu walihaha kutafuta tartani za kuvaa, na wafumaji wa mji wa Bannockburn, Uskoti, walikuwa na biashara tayari. Leo mwenyeji wa Sydney au Toronto anaweza kusajili yake kwenye Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoanza 2009. Ada ipo. Mchoro usifanane na mwingine, idadi ya nyuzi za kila rangi itajwe, na mwombaji aoneshe anahusianaje na jina analolitaka. Usajili huo haumpi hakimiliki.

"Joto la Texas au Queensland halivumiliki ndani ya kilti." Tatizo ni uchaguzi wa kitambaa. Kilti kamili hula yadi 8, yaani mita 7 na ushei. Sufu ya aunsi 16 kwa yadi hutulia na marinda yake hukaa. Ya aunsi 10 au 11 ni nyepesi, ila marinda hulegea, upepo huyarusha, na pasi haikauki mkononi. Kwa maoni yetu ni heri kupunguza yadi kuliko uzito: yadi 5 za aunsi 13, marinda machache. Akriliki ya bei chee iacheni. Huota vifundo vya nyuzi na haishiki mkunjo.

"Ukinenepa, basi tena." La. Bizimu na mikanda husogezwa sentimita kadhaa bila kugusa marinda. Ikizidi hapo, fundi huyafumua na kuyapanga upya. Ndiyo maana kilti nzuri hurithiwa. Kisichorekebishika kirahisi ni urefu, kwa kuwa chini hakuna pindo: ukingo wenyewe wa kitambaa ndio mwisho. Mtu asimame wima, apimwe na mwenzake: kiuno usawa wa kitovu, nyonga, kisha kutoka kitovuni hadi katikati ya goti. Anayeagiza mtandaoni kwa namba ya jinzi hupokea kilti inayokaa chini ya kiuno na kuvuka magoti.

"Pini ya kilti hufunga tabaka mbili za mbele zinazopandana." Huchomekwa tabaka la juu pekee, kuongeza uzito. Ukizishikiza zote mbili, siku utakapochuchumaa kitambaa kitachanika.