Ukitaka Kumtambua Primati, Anza na Pua

Tukitaka kumtambua primati, yaani mnyama wa kundi la komba, kima, sokwe na binadamu, wengi wetu hutazama mkia kwanza, na mkia hutupotosha. Makaka wa Barbary, aina ya kima anayeishi Morocco na Algeria, hana mkia unaoonekana, lakini si wa kundi la sokwe, ambao hawana mkia. Ni wa familia moja na nyani na tumbili. Pua haidanganyi kirahisi hivyo.

Komba na jamaa zake, yaani loris, poto na lemuri wa Madagaska, wana pua yenye unyevu kama ya mbwa, nao hutegemea sana harufu. Karibu wote wana meno ya mbele ya chini yaliyobanana na kulala kuelekea mbele, wanayotumia kuchana manyoya. Kidole cha pili cha mguu kina ukucha mrefu wa kujikunia. Ukimmulika komba usiku, macho humeremeta, kwani nyuma yake kuna tabaka linalorudisha mwanga.

Primati waliobaki wana pua kavu, na wa ajabu kuliko wote ni tarsia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Huwinda usiku bila tabaka hilo, hivyo macho yake yamekuwa makubwa kupita kiasi: jicho moja hukaribia ukubwa wa ubongo wake. Haliwezi kuzunguka tunduni, basi hugeuza kichwa karibu nusu duara kila upande. Hagusi jani wala tunda; chakula chake ni wadudu na wanyama wadogo. Zamani wataalamu walimweka pamoja na komba, ila pua yake kavu, na mwili wake ambao, kama wetu, hauwezi kutengeneza vitamini C, vinamleta upande wetu.

Kima wa Amerika wana matundu ya pua yanayotazama pembeni. Baadhi yao, kama kima buibui, hushika matawi kwa mkia, na upande wa chini wa ncha yake ni ngozi tupu yenye mistari kama ya vidole. Kima wa Afrika na Asia matundu yao huelekea chini, wana sugu za kukalia, na mkia wao haushiki.

Sokwe, yaani giboni, orangutani, gorila, sokwe mtu, bonobo na binadamu, hawana mkia kabisa. Kifua chao ni kipana, bega huzunguka kwa uhuru, na watoto wao huchukua miaka mingi kukomaa.