Chenso imenoki: itengenezwe au inunuliwe mpya? Dhana potofu ninazoletewa kila siku

"Fundi, chenso imenoki. Tia pistoni na ringi, kesho nina mgrevilea wa kuangusha."

Hapa Moshi maneno haya, kwamba chenso (msumeno wa mnyororo) imekwama injini, nayasikia kila msimu wa watu kupunguza miti vihambani, na yananiudhi kuliko mengine yote, kwa sababu anayeyasema keshaamua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Akimpata fundi asiyependa maswali, pistoni inatiwa, mashine inawaka, hela inalipwa. Baada ya matangi machache imejam tena. Hapo mwenye chenso anaapa kwamba spea zote siku hizi ni feki, anakwenda kununua mashine nyingine, na hiyo nayo anaiua kwa njia ileile.

Dhana: pistoni mpya inaponya chenso iliyonoki

Pistoni haifi yenyewe. Kuna kilichoiua, na kama bado kimo ndani ya mashine au ndani ya dumu lako la mafuta, kitaiua na ya pili. Kwa hiyo kabla hujaniuliza kama utengeneze au ununue, tujue kwanza imekufaje. Wala haihitaji kufungua injini yote. Chomoa plagi, fungua nati za ekzosi, iondoe, kisha mulika tundu lake kwa tochi ya simu huku ukivuta kamba taratibu. Pistoni utaiona inapita mbele ya macho yako. Iliyo nzima ina uso laini wa rangi moja, na pengine utaona bado mistari myembamba ya kulala iliyoachwa kiwandani. Iliyoungua ina michirizi ya wima, na mara nyingine alumini imepakazika juu ya ringi mpaka ringi hazichezi tena kwenye mfereji wake.

Sasa isome hiyo michirizi. Pistoni ikiwa imechunika pande zote, wa ekzosi na wa kabureta, hapo iliwekwa petroli tupu au oili isiyofaa. Ikichunika upande wa ekzosi peke yake, imekufa kwa joto, na mara nyingi ni kwa sababu ilikuwa ikivuta hewa nyingi na mafuta kidogo. Ikilika upande wa kabureta na kuwa ya kijivu isiyong'aa, ni vumbi limekuwa likipita kwenye eyaklina (chujio la hewa) iliyotoboka au isiyokaa sawasawa. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na pistoni mpya haitibu hata moja.

Hilo la joto ndilo linalowapita mafundi wengi. Kwenye injini ya tustroki hakuna oili inayokaa chini ikisubiri. Oili yote inaingia na petroli, na petroli hiyohiyo inasaidia kupoza. Oili sili za kranki, yaani mipira inayozuia hewa isipenye pembeni mwa kranki, zikikauka, au mpira unaounganisha kabureta na silinda ukipasuka, hewa inapenya pembeni, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na oili inapungua pamoja na mafuta. Dalili yake ni kwamba mashine inapiga resi yenyewe, ukiachia mafuta inachelewa kushuka, na cheni inaendelea kuzunguka wakati ilipaswa kutulia. Cha kusikitisha ni kwamba watu wanaifurahia ikifika hapo: "Fundi, siku hizi inakimbia kweli." Mbio hizo ndizo onyo, na ukiisimamisha siku hiyo utalipia sili na mpira tu.

Kipimo chake ni rahisi. Tundu la ekzosi na la kabureta yanazibwa kwa vipande vya mpira, kisha inasukumwa hewa kidogo kwa pampu yenye geji, 0.5 ba inatosha. Geji ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye sili, utaona mapovu yanapotokea. Mwambie fundi wako akufanyie kipimo hiki. Asiyekifanya asikuuzie pistoni.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo sisi wa mlimani hatulizungumzii inavyostahili. Moshi mjini haifiki mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama mita 1,400, na vijiji vya juu ya hapo vinazidi. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, mafuta yanakuwa mengi mno kwa hewa iliyopo, mashine inatoa moshi na kuzubaa. Mtu anachukua bisibisi, anakaza skrubu ya H kupunguza mafuta, inakaa sawa. Kisha shemeji yake wa Kahe anaiazima kukata mti shambani, huko chini kwenye hewa nzito, bila mtu kuigusa kabureta. Mafuta yale yaliyopunguzwa hayatoshi tena, na kazi ya mchana mmoja kwenye jua la tambarare inaimaliza pistoni. Ukishuka nayo, lazima urekebishe kabureta. Zenye kabureta ya kujirekebisha zenyewe, kama M-Tronic za Stihl na AutoTune za Husqvarna, zina nafuu hapa, lakini nyingi zilizoko vihambani ni za bisibisi.

Wengine nikiwaeleza hivi wanajibu kwamba basi wataongeza oili. Hapana! Ukiongeza oili kwenye lita moja, petroli inayopita kwenye kabureta inapungua, na mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi. Utapata na masizi kwenye plagi na ekzosi juu yake. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine na kwenye chupa ya oili. Kwa oili nzuri ya tustroki kipimo kilichozoeleka ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mililita 100 kwa dumu la lita 5. Ushauri wangu, na sitauacha kuurudia: nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20, lifunge kwa kamba kwenye dumu la chenso. Bomba moja, lita moja. Achana na kukisia kwa kifuniko na kwa rangi. Na oili ya bodaboda, ile ya injini ya fostroki, haichanganywi na petroli hata siku moja.

Dhana: silinda ikichunika inachongwa tu, kama ya pikipiki

Bloku ya bodaboda ina bomba la chuma ndani, ndiyo maana inachongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Silinda ya chenso nyingi nzuri ni alumini iliyopakwa ndani tabaka jembamba na gumu la nikeli au kromu. Ukiichonga umeondoa tabaka hilo, na pistoni itasugua alumini tupu. Lakini kabla ya kuitupa, pitisha kucha ndani. Mara nyingi kinachoonekana kama mchubuko ni alumini ya pistoni iliyogandia juu ya tabaka zima, na asidi ya haidrokloriki inaila alumini hiyo bila kugusa nikeli. Kazi hii aifanye anayeijua, nje penye hewa, na glavu mkononi, kwa sababu asidi ikifika kwenye matundu ambako alumini iko wazi itaila silinda yenyewe. Kucha ikinasa kwenye mfereji baada ya kusafisha, silinda hiyo imekwisha.

Dhana: haiwaki, basi injini imekufa

Mara nyingi ni mafuta au moto wa plagi tu. Petroli iliyochanganywa ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika, na iliyokaa tangu Krismasi imeshagandisha kabureta na kukakamaza dayaframu, ule utando ulio ndani yake. Mwaga, weka mpya, badilisha plagi na filta ndogo iliyo ndani ya tangi. Kwa Stihl na Husqvarna nyingi plagi ni NGK BPMR7A, nafasi ya milimita 0.5. Kisha izime, ishike kwa mpini wa kamba ya kuwashia, uiache ining'inie: ikishuka kwa kusitasita, kompresheni ipo. Ikiporomoka moja kwa moja mpaka chini, hapo ndipo unaanza kuwa na wasiwasi na pistoni.

Dhana: imeishiwa nguvu

Tazama kinachotoka. Maranda yanayotoka kwa vipande ni ya cheni kali, unga ni wa cheni butu, na cheni butu inakufanya ukandamize mpaka mashine inachemka. Tupa ya duara ya milimita 5.2 kwa cheni ya 3/8, milimita 4.8 kwa ya .325, ndilo tengenezo la bei ndogo kuliko yote.

Dhana: oili chafu inatosha kulainisha cheni

Haitoshi. Ina chembe za chuma na masizi zinazokula pampu ya oili, cheni na ule upanga ambao cheni inazungukia, na inarushwa juu ya migomba na mboga zako.

Dhana: mpya ya bei rahisi ni nafuu kuliko kutengeneza ya zamani

Wengi wanalinganisha gharama ya kutengeneza na bei ya chenso ya bei ya chini kabisa iliyopo sokoni. Linganisha na mpya ya daraja lileile la ulionayo. Stihl MS 381 au Husqvarna ya kazi yenye silinda nzima, hata ikidai sili zote, mpira wa kabureta, dayaframu na pistoni, bado itakupa miaka. Mimi sishauri kuitupa mpaka gharama ipite nusu ya bei ya mpya mwenzake. Chenso nyepesi isiyo na jina ikinoki mpaka silinda, hiyo iache, kwa sababu kazi ya mikono peke yake itakaribia bei yake.

Kuna pia mashine ambazo hata ziwe za jina gani nazirudisha. Shika magineti (gurudumu la sumaku lililo upande wa kamba ya kuwashia) kwa mkono uitikise juu na chini: ikicheza, beringi za kranki zimekwisha, na zikiwa zimekwisha pamoja na silinda, nunua nyingine. Nyumba ya injini iliyopasuka hatuiungi. Na ambayo breki ya cheni imevunjika siiwashi kabisa mpaka breki iwekwe, hata mwenyewe akiniambia ameitumia hivyo miaka mingi, kwani upanga ukirudi nyuma unaelekea usoni.

Kama umeamua kununua iliyotumika, nenda na bisibisi, spana na tochi. Rangi mpya isikushtue wala kukuvutia. Omba ekzosi ifunguliwe uione pistoni kabla hujatoa pesa, na muuzaji akikataa, rudi nyumbani na hela yako.