Je, wajua kwa nini fumbo la maneno la Kiswahili hukwama mstari wa chini?

Ukitaka kujua kama fumbo la maneno la gazetini limesukwa vizuri, usianzie juu kushoto. Tazama kwanza mstari wa chini na ukingo wa kulia. Hapo ndipo Kiswahili kinapombana mtunzi, maana maneno yetu karibu yote huishia na irabu.

Kila neno la Chini, yaani linalosomwa kushuka, linalogota ukingo linaacha irabu pale. Mafumbo ya Marekani hubananisha maneno, kila herufi ikiwa ya maneno mawili. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili, mstari wa mwisho unakuwa irabu tupu: utapata UA, labda AUA, basi. Mtindo wa Uingereza unatufaa zaidi: herufi moja inakutana na neno jingine, inayofuata inabaki peke yake. Tazama mraba huu wa 5 kwa 5:

S H I D A
H ■ M ■ D
U J A N A
L ■ N ■ B
E L I M U

E, I na U za ELIMU zinapokea miisho ya SHULE, IMANI na ADABU. L na M haziguswi. Ndiyo maana mstari wa chini hupenda maneno yanayoanza na irabu, kama ASALI, AMANI au UGALI. Ukiweka SHULE pale, S yake italazimika kuwa mwisho wa neno linaloshuka, na neno hilo hulipati. Sasa geuza mraba juu chini: visanduku vyeusi vinabaki palepale. Huo ndio ulinganifu unaotakiwa.

Mada je? Shule, elimu, adabu na ujana vinakaa nyumba moja. SHIDA imeingia kwa sababu ya herufi zake tu. Kwenye mraba mdogo inasameheka. Kwenye wa 13 kwa 13, hapana. Mada nzuri ina mpaka unaoeleweka, na majibu yake yanakwenda jozi kwa urefu, ili mraba ukigeuzwa moja likae mahali pa mwenzake. Vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Dar es Salaam vinakubali ajabu: KIVUKONI na GEREZANI herufi 8 kila kimoja, KIMARA na UBUNGO 6, kisha MOROCCO, herufi 7, katikati kabisa. Ukichomeka KIGAMBONI kwa kuwa nayo ni Dar, umeharibu mada. Angalia pia C ya MOROCCO: neno la Kiswahili linaloipitia lazima liwe na H mara baada yake.

Dalili nyingine ya haraka ya mtunzi ni vitenzi. ANALIA, ATALIA, WALILIA: aliyekwama hubadili nafsi na njeo (wakati wa kitenzi) mpaka herufi zikubali. Kimoja au viwili sawa, vikijaa fumbo limelegea.

Mwisho, soma vidokezo ukizingatia ngeli, jambo ambalo wengi hulipita. Kidokezo "Hukaliwa sebuleni" kinaruhusu KITI na VITI pia, kwa kuwa "hu-" haionyeshi umoja wala wingi. Kama herufi hiyo ya kwanza haikutani na neno jingine, msomaji hana pa kuthibitishia, hata akijaza vingine vyote. Andika "Kinakaliwa sebuleni", na jibu linabaki moja.