Nyama ya Waridi Iliyoiva: Kula Babekyu ya Texas

Shemeji yangu alitua Houston akitokea Arusha siku ya Alhamisi, na Jumamosi mchana nikampeleka mgahawa mmoja wa babekyu mjini, wa kukaa kwenye mabenchi na kula juu ya karatasi. Akainua kipande cha kidari kwa uma, akakitazama vizuri, akaona utepe wa rangi ya waridi chini ya ganda jeusi. Akakirudisha taratibu. "Shemeji, hii haijaiva."

Nimepika nyama kwa moshi miaka tisa sasa, na Waafrika Mashariki wengi ninaowapeleka huanzia hapo. Kwetu nyekundu maana yake mbichi. Lakini kidari kile kilikuwa kimekaa kwenye jiko la moshi zaidi ya saa kumi na mbili. Kuni zikiungua hutoa gesi zinazozama kwenye ngozi ya nyama ikiwa bado na unyevu, zikashikana na ile protini inayoipa nyama wekundu wake. Rangi hiyo haitoki tena hata nyama iive vipi. Ndani, nilimwambia, ilifika nyuzi 95 za Selsiasi.

Tatizo ni kwamba tunaingia tukitafuta nyama choma. Nyama choma ni moto wa mkaa chini ya nyama, mbuzi anageuzwa, na utamu mmojawapo ni kuitafuna. Babekyu ya Kusini mwa Marekani imejengwa juu ya vipande ambavyo moto wa namna hiyo ungevigeuza viatu. Kidari ni msuli unaobeba ng'ombe maisha yake yote, umejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoushikilia msuli. Kwa mtindo wa katikati ya Texas kinapakwa chumvi na pilipili manga tu, kisha kinawekwa mbali na moto wa kuni za mwaloni, jiko likiwa nyuzi 110 hadi 120. Polepole ile kolajeni inageuka jelatini, na msuli mgumu unalainika kama nyama ya supu, bila kuchemshwa.

Kuna kipindi kinachowatesa wanaojifunza. Nyama ikikaribia nyuzi 70, joto lake linagoma kupanda, saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Unaongeza kuni, haliendi. Nyama inatoa maji, na maji yakivukizwa yanaondoka na joto. Ni kanuni ile ile ya mtungi wa udongo unaopoza maji. Wapishi wengi hapo huifunga kwa karatasi ya buchani ili mvuke usitoroke ovyo, na ganda lisilowe. Mimi nahesabu hapo ndipo mpishi anapojulikana, kwa sababu mwenye haraka huongeza moto, na kidari hukauka.

Hiyo karatasi ina historia. Karne ya 19 mabucha wa Kijerumani na Kicheki waliohamia Texas walifukiza nyama dukani na kuiuza kwa kupima, imefungwa kwenye karatasi. Kreuz Market ya mji wa Lockhart, iliyoanza 1900, haikutoa sosi kabisa kwa miaka mingi. Nenda North Carolina ya mashariki utakuta nguruwe mzima na siki. Memphis ni mbavu. Kusini ni kubwa.

Ukifika kaunta, agiza kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Nusu ratili inamtosha mtu mmoja. Utaulizwa unataka upande mkavu au wenye mafuta. Sema wenye mafuta, hata kama nyumbani huyaondoa, kwa kuwa ndiko ladha ya moshi ilikokaa. Onja bila sosi kwanza. Kipande kizuri ukikiinua kinaning'inia bila kukatika, na ukikivuta kidogo kinaachia.

Ila kwa vitoweo vya pembeni, sisi ni wenyeji. Kunde na bamia vilivuka bahari kutoka Afrika katika zama za biashara ya utumwa, na waliovifanya chakula cha Kusini ni Waafrika waliotumikishwa mashambani. Yale majani ya kijani wanayoyaita kolardi ni ndugu wa tumbo moja na sukuma wiki. Wao hawayakaangi upesi. Huyachemsha muda mrefu na mfupa wa nyama iliyofukizwa hadi supu iwe nzito, halafu mkate wa mahindi unachovywa humo. Shemeji, ambaye kidari alikianza kwa mashaka, alimaliza bakuli lake la kolardi akachukua na langu.

Kwa Waislamu, angalizo: mfupa huo mara nyingi ni wa nguruwe, na hata maharage huwa na vipande vyake. Soseji nazo huchanganywa. Uliza kila kitu, si nyama peke yake. Wengine hutumia bata mzinga. Houston ina migahawa ya babekyu ya halali, haina haja ya kubahatisha.

Na uwahi. Nyama ya siku huwekwa usiku wa kuamkia, ikiisha imeisha, hakuna wa kukupikia nyingine. Shemeji aliporudi kaunta kutaka nusu ratili ya pili ya upande wenye mafuta, mkataji alikuwa anafuta kisu. Tulirudi Jumanne, saa tano asubuhi.