Mbegu ikitoka korodanini bado haijaiva

Juzi niko zangu Ngamiani nakunywa kahawa, jamaa akanivuta pembeni na karatasi ya vipimo, dokta hebu ona, mbegu wamesema zipo za kutosha, sasa mbona shemeji yako hashiki mimba?

Hili swali naulizwa sana. Karatasi ile inahesabu mbegu, inaangalia mwendo na umbo, basi. Mbegu inatengenezwa korodanini siku kama 74 hivi na ikitoka pale ina kichwa, ina mkia, ukiiona unasema tayari, kumbe haijui kuogelea wala haiwezi kurutubisha yai, ni sawa na baiskeli mpya haijafungwa cheni (sisi Tanga baiskeli tunazijua). Inaingia kwenye mrija wa epididimisi, umejikunja nyuma ya korodani, ukiunyoosha unafika kama mita 6, na humo hakuna cha waja leo warudi leo, inakaa siku kadhaa.

Sasa hapa ndo patamu. Mbegu haiwezi tena kujitengenezea protini, DNA yake imeshabanwa kichwani ikakaza, kwa hiyo ilichopungukiwa lazima iletewe. Wabebaji ni eksosomu, vifuko vyenye ngozi ya mafuta, nanomita 30 mpaka 150, yaani hata hadubini ya kawaida haivioni. Kuta za mrija zinavitema, vinaigandia mbegu na kuipa protini na vipande vya RNA (ndugu wa DNA, hubeba maelekezo ya seli). Mwaka 1983 walipoviona kwenye seli changa za damu ya kondoo wakadhani ni njia ya seli kutupa taka tu! Kwa panya ikaja kuonekana baba akilishwa chakula chenye protini kidogo, RNA za kwenye mbegu zinabadilika, na nyingine zimeletwa na vifuko hivihivi.

Hata ndani ya korodani seli za Sertoli, yaya wa mbegu, zinatumiana navyo na majirani zake, ila mengi ya huko tumeyajua kwa panya. Kwa hiyo anayekuuzia sindano ya eksosomu ya kutibu ugumba, weka hela yako mfukoni.

Yule jamaa nikamwambia aje na shemeji wapimwe wote. Nikamuuliza unavuta sigara? Anavuta. Nikamwambia acha leo, halafu rudia kipimo baada ya miezi mitatu, maana mbegu za leo zilianza kupikwa zamani. Akaizima palepale, akauliza leo tarehe ngapi.