Maswali na majibu: vimulimuli vya nano kwenye tiba ya kansa kwa mwanga

Tiba ya mwanga ndo ile mionzi?

Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Radiotherapi ni kitu kingine kabisa. Hii inaitwa tiba ya fotodainamiki, yaani unapewa dawa ambayo ikikaa gizani imelala tu, inaingia kwenye seli, halafu baada ya masaa au siku kadhaa daktari anamulika leza pale penye uvimbe, dawa inaamka, inaigeuza oksijeni iliyo jirani kuwa kali na hiyo oksijeni ndo inaua seli kwa ndani. Dawa, mwanga, oksijeni, kikikosekana kimoja umemulika bure. Wala sio jambo la jana, mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari kule Munich, aliandika kwamba vijidudu vya majini vilivyowekewa rangi ya akridini vinakufa vikipigwa na mwanga ila gizani vinadunda tu.

Mbona mwanga wenyewe mara nyingi ni mwekundu?

Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, ziba taa kwa kidole. Unaona kidole chote chekundu si ndio? Rangi zingine zimemezwa na damu njiani, nyekundu ndo imepenya. Basi ni hivyo hivyo, japo nayo haifiki mbali, kuanzia milimita chache hadi kama sentimita moja hivi, ndo maana uvimbe wa ndani unafuatwa kwa waya mwembamba unaopitisha mwanga.

Sasa hivyo vimulimuli vinahusika wapi?

Shida ni kwamba daktari anajua amemimina mwanga kiasi gani, ila kilichotokea ndani ya uvimbe haoni. Huenda dawa haikufika vizuri upande mmoja. Huenda oksijeni imeisha, maana tiba yenyewe inaila haraka kuliko damu inavyoileta, hapo ukiendelea kumulika ni kama kupuliza jiko lisilo na mkaa, na ndo sababu wengine wanamulika, wanazima kidogo oksijeni irudi, wanawasha tena. Jibu kamili linakuja siku au wiki kadhaa mbele kwa vipimo.

Hapo ndo vimulimuli vinaingia, kitaalamu nanoprobu: ni vichembe vinavyotengenezwa viingie humo humo vikatoe ripoti wakati kazi inaendelea. Udogo wake: unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000, hivi vingi havifiki hata 100. Vimebebeshwa rangi inayong'aa ikimulikwa, na kamera inasoma ule mng'ao. Kuna vinavyowaka vikigusana na oksijeni kali, kuna vinavyopima joto (hivi ni vya ile tiba ndugu yake, ya kuunguza uvimbe kwa vichembe vya dhahabu), na kuna ninavyovipenda mimi, vimefungwa kamba ya protini, seli ikianza kufa inatoa vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi, vinakata kamba, taa inawaka. Yaani seli yenyewe inakuwashia taa kwamba ndo inakufa.

Mng'ao ukififia ina maana imeshindikana?

Inategemea. Chukua 5-ALA, mojawapo ya dawa za fotodainamiki, ukimulika kwa mwanga wa bluu uvimbe unatoa wekundu wa waridi, na jinsi tiba inavyoendelea ule wekundu unapauka kwa sababu dawa inaliwa, kwa hiyo hapo kufifia ni ishara kwamba kazi inafanyika. Ila kamera ikisogea au damu ikiziba pia utaona giza, sasa utajuaje? Ndo maana probu nyingi zinapewa rangi mbili, moja inabadilika na nyingine inabaki palepale, unasoma uwiano.

Naweza kuziomba hospitali?

Kwa sasa nyingi ziko maabara, kwenye seli na panya, kwa hiyo anayekuuzia kama tiba kamili mkimbie. Vikwazo viko wazi: vichembe vinapenda kujikusanya kwenye ini, na vingine vina kadmiamu ambayo ni sumu. Kilicho karibu zaidi na hizi probu ni dawa iliyoidhinishwa Japani mwaka 2020 kwa kansa za kichwa na shingo, ina rangi ya IR700 ambayo inaua ikimulikwa na pia inang'aa, na watafiti wameshatumia kupungua kwa huo mng'ao kufuatilia mwanga ulivyofanya kazi.

Na mimi ninayefanyiwa fotodainamiki ya kawaida sasa hivi?

Uliza umepewa dawa gani. Ikiwa ni Photofrin, ngozi na macho vitakuwa vinaogopa jua kwa siku 30 au zaidi, losheni ya kawaida ya kuzuia jua haisaidii maana tatizo ni mwanga unaoonekana, vaa nguo ndefu, kofia na miwani nyeusi. Ila usijifungie kwenye giza totoro, mwanga wa kawaida wa ndani unasaidia kuimaliza dawa iliyobaki kwenye ngozi taratibu.